Kamera ya mapafu kwa anayekohoa na kuhema muda mrefu baada ya virusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa mgonjwa na ndugu anayemsindikiza. Umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeugua UVIKO-19, mafua makali au nimonia ya virusi, homa ikaisha, lakini kifua hakijarudi kama zamani. Safari ya kwenda kufanyiwa kipimo hiki kutoka kusini ni ndefu, na inaumiza kuona mtu anarudishwa mlangoni kwa sababu alikunywa uji asubuhi au aliacha CD ya picha zake nyumbani. Hapa tunaeleza kipimo kinajibu nini, hakijibu nini, na ujiandae vipi ili uende mara moja tu.

Hiyo kamera ya mapafu ni kitu gani?

Jina lake la hospitali ni bronkoskopi. Ni mpira mwembamba unaojipinda, wenye taa na kamera kwenye ncha, unaopitishwa puani au mdomoni hadi ndani ya njia za hewa. Wa mtu mzima una unene wa milimita 5 hadi 6, mwembamba kuliko kalamu ya wino. Ndani yake mna tundu la milimita 2 hadi 2.8 linalopita urefu wote. Humo ndimo daktari ananyonyea makohozi na kupitishia ganzi, maji ya kusuuzia, brashi, na kikoleo kidogo cha kukatia kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara. Kwenye mpini kuna kitufe cha kunyonya na wenzo wa kidole gumba unaoipindisha ncha juu au chini.

Mpira wa namna hii uliletwa na daktari wa Japani, Shigeto Ikeda, katika miaka ya 1960. Kabla yake lilitumika bomba la chuma lililonyooka. Mwaka 1897 Gustav Killian alilitumia huko Ujerumani kutoa mfupa uliokwama kwenye njia ya hewa ya mgonjwa. Bomba hilo bado lina kazi yake, hasa kutoa vitu vilivyokwama na kutanua koo la hewa lililosinyaa.

Nilipona UVIKO miezi minne iliyopita, bado nakohoa na kuhema. Nikafanyiwe kamera?

Wengi wenu hapana. Angalau si sasa.

Kikohozi cha wiki 3 hadi 8 baada ya virusi ni cha kawaida: njia za hewa zimechubuka, na hata hewa baridi au harufu ya kitunguu kinachokaangwa inatosha kukukohoza. Kikizidi wiki 8 tunakiita kikohozi sugu, na kinastahili kuchunguzwa kwa mpango. Kwa UVIKO, Shirika la Afya Duniani lilieleza Oktoba 2021 kwamba dalili za muda mrefu ni zile zinazokuwepo miezi 3 tangu ugonjwa uanze, zimedumu angalau miezi 2, na hazina sababu nyingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito kwetu. Kabla ya kusema "ni mabaki ya UVIKO", lazima sababu nyingine zitafutwe, na mikoa ya kusini ina sababu nyingine nyingi.

Kwa hiyo anza hivi, katika hospitali iliyo karibu nawe:

Makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, yapimwe kwa mashine ya GeneXpert. Usisubiri wiki 8 kwa hili; kikohozi cha wiki 2 tayari kinatosha kupimwa. Toa makohozi ya asubuhi, kabla ya kula, baada ya kusukutua kwa maji matupu. Yatoke kifuani. Mate meupe yenye povu hayana jibu.

Kipimo cha VVU, sukari, na wingi wa damu. Mwenye upungufu wa damu huhema akipanda ngazi hata mapafu yake yakiwa mazima.

Picha ya eksirei ya kifua. Kama ulipigwa wakati unaumwa, ile ya zamani iletwe ilinganishwe na mpya. Picha mbili zenye tarehe tofauti zinaeleza mengi kuliko moja nzuri.

Oksijeni ukiwa umekaa, kisha ukitembea. Kipimo kamili ni cha kutembea dakika 6 kwenye korido ya mita 30. Korido ikikosekana, kukaa na kusimama kwenye kiti kwa dakika 1 kunafaa, oksimita, kifaa cha kupima oksijeni, ikiwa kidoleni. Mtu anaweza kuwa na oksijeni ya asilimia 97 amekaa na kushuka hadi 89 akitembea, na anayempima kitini tu atamwambia yuko salama. Ondoa hina na rangi ya kucha kwanza. Vinaweza kukidanganya kifaa.

Kupuliza mashine ya spairometria, inayopima nguvu ya pumzi, ikiwepo, kabla na baada ya kuvuta salbutamoli, dawa ya kutanua njia za hewa. Pumu iliyoamshwa na virusi huonekana hapa, na dawa yake ni ya kuvuta kwa mdomo tu.

Baada ya hayo, CT-Scan (CT), picha za kina za kifua kipande kwa kipande, ikihitajika. Kamera inakuja nyuma ya yote haya.

Kwa nini iwe ya mwisho? Si bora daktari aone kwa macho?

Kwa sababu haifiki pale penye tatizo la wengi. Koo la hewa hugawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena, hivyo hivyo mara 23 hivi, mpaka kwenye vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Mpira wa mtu mzima huishia kwenye mgawanyiko wa nne hadi wa sita. Mbele ya hapo njia ni nyembamba kuliko mpira wenyewe. Virusi, kwa upande wao, hujeruhi zaidi vifuko na vijia vya mwisho kabisa. Ndiyo maana daktari anaweza kuona kuta safi zenye rangi ya waridi, ilhali CT ya mgonjwa huyohuyo ina mabaka pande zote mbili.

Huko mbali tunapafikia kwa njia mbili: kusuuza kwa maji na kuyanyonya, au kusukuma kikoleo gizani mpaka kwenye nyama ya pafu. Vyote viwili vinahitaji CT itangulie, kwa sababu ndiyo ramani. Kusuuza pafu la kulia wakati ugonjwa uko kushoto ni kazi bure.

Ni nani basi anayeihitaji kweli?

Anayetoa damu kwenye makohozi. Mwenye kivuli kwenye picha kisichopungua au kinachoongezeka wiki 6 hadi 12 baada ya kupona. Mwenye sehemu ya pafu iliyonywea, ishara ya njia iliyozibwa na uvimbe, makohozi magumu au kitu kigeni. Mwenye dalili zote za kifua kikuu lakini makohozi hayapatikani au majibu ni hasi mara mbili. Mwenye kinga dhaifu, yaani VVU, saratani, au aliyetumia dawa za steroidi kwa wiki nyingi, na kifua kinazidi kuharibika. Mwenye CT inayoashiria nimonia ya kujipanga, aina ya uvimbe wa mapafu unaofuata virusi na unaotibika vizuri kwa steroidi, ila daktari anataka uhakika kwamba hakuna mdudu kabla ya kuianza.

Kuna kundi moja linalosahaulika: waliowekewa mashine ya kupumulia wodi ya mahututi. Mpira wa mashine huweza kuchubua koo la hewa, kidonda kikapona kwa kovu linalolikaba, wiki au miezi baadaye. Mgonjwa hupiga mluzi *anapovuta* pumzi, mara nyingi anaambiwa ana pumu, na inhela haimsaidii. Ukimsikia ndugu yako anavuta pumzi kwa sauti ya kukwaruza na aliwahi kulala kwenye mashine, hii ni dharura. Asisubiri foleni ya kliniki.

Napuliza salfa kwenye mikorosho. Inahusiana?

Inahusiana sana, na ni jambo ambalo daktari asiyetoka huku hatalikumbuka usipolisema mwenyewe. Kuanzia Juni hivi, mikorosho ikianza kuchanua, mashine za mgongoni hutimua unga wa salfa kuzuia ubwiriunga. Unga huo huwasha macho na njia za hewa. Aliyetoka kwenye virusi, akaingia shambani wiki tatu baadaye bila barakoa ya maana, hujirudisha nyuma. Kitambaa cha kanga puani huzuia vumbi kubwa tu.

Mweleze daktari kwa tarehe: niliugua lini, nilianza kupuliza lini, kikohozi kilizidi lini, na je, hupungua nikikaa mjini wiki mbili? Taja pia kubangua korosho kwa moto, kwa kuwa moshi wa mafuta ya maganda ni mkali, na jiko la kuni ndani ya nyumba. Kwa mama aliyepika kwa kuni miaka thelathini, kamera mara nyingine huonyesha madoa meusi kama masizi ukutani mwa njia za hewa, na baadhi ya matundu yamesinyaa. Asiyejua historia ya jiko hilo anaweza kuhofia saratani. Hata hivyo, wenye madoa hayo wanaweza pia kuwa na kifua kikuu, kwa hiyo maji ya kusuuzia yapimwe tu.

Taja pia kama ulijifukiza kwa muda mrefu, au kama kuna mafuta ya nazi au ya aina yoyote yaliyokuwa yakidondoshwa puani. Mafuta yakishuka mapafuni huleta nimonia yake, na maabara huitambua kwa seli zilizojaa mafuta ikiwa tu imeambiwa itafute.

Nijiandae vipi kabla ya kusafiri?

Daktari wako apige simu kule unakopelekwa kabla hujakata tiketi. Ayaulize haya: mashine inafanya kazi wiki hii? Daktari yupo? Maabara inapokea maji ya kusuuzia siku hiyo, na mwisho ni saa ngapi? Vipimo vya awali hufanyika Ligula, Sokoine, Kanda ya Kusini pale Mitengo, Ndanda au Nyangao kulingana na ulipo. Kwa kamera yenyewe wengi hupewa rufaa ya Dar es Salaam, Muhimbili. Ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini. Wakati wa masika panga siku mbili za ziada. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, watu walikwama.

Beba: barua ya rufaa, kadi ya bima, CD ya CT yenyewe (karatasi ya ripoti haitoshi), eksirei zote za zamani, majibu ya GeneXpert hata kama ni hasi, majibu ya chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) na ya kuganda kwa damu, na dawa zako zote ndani ya maboksi yake. Mwenye bima aulize mapema kama kipimo kinahitaji kibali, ili asikiombe akiwa tayari kwenye benchi la kusubiri.

Dawa za kulainisha damu ndizo zinazoahirisha watu wengi. Klopidogreli huachwa siku 5 hadi 7 kabla ikiwa kinyama kitakatwa. Warfarini huachwa siku 5 hivi na damu hupimwa tena. Aspirini ya dozi ndogo kwa kawaida haiachwi. *Usiache yoyote kwa uamuzi wako.* Mwenye vyuma kwenye mishipa ya moyo akiacha klopidogreli kiholela anaweza kupata shambulio la moyo akiwa njiani. Aliyepata shambulio hilo karibuni husubiri angalau wiki 4 hadi 6. Mwenye pumu avute salbutamoli kabla ya kuingia. Mwenye kisukari aombe kuwekwa wa kwanza asubuhi, na aulizie dozi ya insulini ya siku hiyo.

Chakula: tumbo liwe tupu kwa muda wa saa 6 kabla ya kipimo. Maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa, mwisho saa 2 kabla. Uji, togwa na maziwa vinahesabiwa kama chakula. Sababu ni moja: koo likishakufa ganzi, kinachopanda kutoka tumboni kinaingia mapafuni bila kizuizi.

Nitashindwa kupumua? Inauma?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini. Koo la hewa la mtu mzima lina upana wa milimita 15 hadi 20 hivi, na mpira ni 5 hadi 6, kwa hiyo hewa inapita pembeni yake. Hisia ya kukabwa ipo, hasa mpira unapopita kati ya nyuzi za sauti, na hudumu sekunde kadhaa. Haina maana kwamba hewa imekatika. Kidoleni una oksimita, puani una oksijeni, na kuna muuguzi ambaye kazi yake ni kukuangalia wewe tu.

Mambo huenda hivi. Unavua meno ya bandia. Unawekewa sindano ya njia ya dawa mkononi. Unapuliziwa ganzi kooni, chungu kama kwinini. Ulimi unakuwa mzito na unahisi huwezi kumeza, ingawa unaweza. Kisha dawa ya kutuliza, mara nyingi midazolamu, kwa dozi ndogo ndogo. Wengi hawakumbuki kilichofuata. Ikiwa njia ni ya mdomo, unang'ata kipande cha plastiki kulinda mpira. Ganzi zaidi humiminwa kupitia mpira kwenye nyuzi za sauti na zaidi chini. Usizungumze, inua mkono ukihitaji wasimame. Ukaguzi peke yake ni dakika 10 hadi 15. Pamoja na kusuuza na vinyama, nusu saa au zaidi kidogo.

Ganzi yenyewe ina kikomo. Lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa kila mililita, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2001 uliweka ukomo wa miligramu 8.2 kwa kila kilo ya uzito. Kwa hesabu hiyo mtu wa kilo 50 anafika ukomo kwa mililita 20 tu, na mzee au mwenye ini bovu apewe chini ya hapo. Kila mpulizo wa kopo la asilimia 10 ni miligramu 10, na huo husahaulika katika hesabu. Ukihisi midomo inakufa ganzi kuzunguka pembe zake, masikio yanavuma au mikono inatetemeka, onyesha ishara mara moja.

Kusuuza pafu kunafanyikaje, na kwa nini majibu mengine hurudi "sampuli haifai"?

Ncha ya mpira hukazwa kwenye tundu dogo la njia ya hewa mpaka izibe. Maji ya chumvi ya dripu, mililita 100 hadi 300 kwa jumla, huingizwa kwa mabomba ya mililita 20 hadi 60, na kila bomba hunyonywa taratibu. Angalau asilimia 30 yarudi. Yakinyonywa kwa nguvu, ukuta wa tundu hujifunga na maji hubaki ndani. Yaliyobaki hufyonzwa na pafu lenyewe, ndiyo maana usiku ule mtu anaweza kuchemka na kukohoa.

Makosa yanayoharibu sampuli tunayataja hapa kwa sababu kila moja humrudisha mgonjwa barabarani:

Ganzi nyingi kumiminwa kwenye tundu lilelile kabla ya kusuuza. Lignokeini huzuia bakteria kuota. Kutumia chupa ya kioo cha kawaida, ambayo seli za pafu hunata ukutani mwake. Itumike ya plastiki. Sampuli kukaa kwenye joto la chumba wakati mhudumu anatafuta risiti: seli zihesabiwe ndani ya saa moja, la sivyo chupa ikae kwenye barafu au friji. Na kosa kubwa kuliko yote, kinyama cha kuoteshea kifua kikuu kutumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Formalini huua mdudu, na mdudu aliyekufa haoti. Kinyama cha kuangaliwa kwa hadubini kiende kwenye formalini ya asilimia 10, cha kuotesha kiende kwenye maji ya chumvi, na kila chupa iandikwe jina kabla ya mgonjwa kutoka kitandani.

Kinyama kimoja hakitoshi. Kwa nyama ya pafu huchukuliwa vipande 4 hadi 6, kwa kuwa vingine huwa ni ukuta wa njia ya hewa tu.

Hatari zake ni zipi?

Oksijeni kushuka kwa muda ni ya kawaida, na hurekebishwa kwa kuongeza oksijeni au kuutoa mpira. Homa ya usiku mmoja baada ya kusuuzwa huwapata 10 hadi 30 katika kila 100. Michirizi ya damu baada ya kinyama ni ya kutarajiwa. Damu nyingi ni nadra, na daktari huwa na maji baridi ya chumvi na adrenalini tayari. Kinyama cha ndani ya pafu huweza kuvujisha hewa kifuani kwa mtu 1 hadi 5 hivi katika kila 100. Si wote wanaohitaji mrija. Kufa ni nadra sana, chini ya mtu 1 katika kila 1,000.

Hatari hupanda ikiwa oksijeni iko chini hata ukiwa unavuta ya mtungi, au chembe sahani ziko chini ya 50,000 na kinyama kinatakiwa. Hapo swali la haki la kumuuliza daktari ni hili: jibu litabadilisha matibabu yangu? Kama hapana, ni sahihi kukataa.

Huo mpira ulikuwa kifuani mwa mtu mwingine. Nitajuaje ni safi?

Uliza, na hakuna atakayekulaumu. Mpira unapotoka tu hunyonyeshwa maji ya sabuni hapohapo kitandani, kabla makohozi hayajakauka. Hupimwa kama unavuja. Tundu lake husuguliwa kwa brashi mpaka brashi itoke safi. Kisha huzamishwa kwenye dawa: glutaraldehaidi ya asilimia 2, dakika 20, tundu likiwa limejazwa dawa bila hewa. Husuuzwa, hupitishiwa spiriti, hukaushwa, huning'inizwa wima kwenye kabati lenye hewa. Usihifadhiwe umekunjwa kwenye sanduku lake la sponji. Kwa unyevunyevu wa pwani yetu, sponji hilo hugeuka shamba la ukungu na bakteria. Mpira uliooshwa vibaya huweza kukuambukiza, na pia huweza kukupa jibu la kifua kikuu cha mtu aliyetangulia, ukameza dawa miezi 6 bila kuumwa.

Baada ya hapo naweza kupanda basi jioni?

Hapana. Usile wala kunywa kwa saa 1 hadi 2, mpaka ganzi iishe. Anza na kijiko cha maji umekaa wima, usipopaliwa, endelea. Ukikatwa kinyama cha pafu, piga eksirei saa moja baadaye, kisha lala mjini angalau usiku mmoja, kwa kuwa hewa inaweza kuvuja polepole na usiku kule njiani hospitali ziko mbali. Aliyevuja hewa kifuani asipande ndege mpaka daktari athibitishe pafu limejaa tena na siku 7 zimepita. Kwa saa 24 usiendeshe gari wala bodaboda, na usitie sahihi mkataba wowote.

Rudi hospitali haraka ukitema damu inayozidi kijiko kikubwa, ukipata maumivu makali ya upande mmoja wa kifua, pumzi ikikatika, au homa ikipita saa 24.

Majibu huchukua muda gani?

Alichoona daktari unaambiwa siku hiyohiyo. Mlete ndugu, kwa sababu dawa ya kutuliza itakusahaulisha. GeneXpert ya maji ya kusuuzia mashine huitoa ndani ya saa 2. Hesabu ya seli siku moja au mbili. Kinyama wiki moja hadi mbili, pengine zaidi. Kuotesha kifua kikuu hufika wiki 6 hadi 8, kwa hiyo acha namba ya simu inayopatikana.

Kwenye hesabu ya seli, pafu zima la asiyevuta sigara huwa na aina nne za seli za kinga: makrofaji zaidi ya asilimia 85, limfosaiti 10 hadi 15, nyutrofili zisizozidi 3, esinofili isiyozidi 1. Limfosaiti zikipanda sana huelekeza kwenye nimonia ya kujipanga au mzio wa vumbi na ukungu. Nyutrofili huelekeza kwenye bakteria au kovu. Esinofili huelekeza kwenye minyoo, dawa au mzio. Namba hizo haziamui peke yake. Husomwa pamoja na CT.

Jirani alipona kwa deksamethasoni. Siwezi kuinunua tu?

Tafadhali usifanye hivyo. Ni kweli steroidi, kundi la dawa ambalo deksamethasoni imo, huokoa wenye UVIKO mkali wanaohitaji oksijeni, na ni dawa ya nimonia ya kujipanga. Lakini hukiamsha kifua kikuu kilicholala, hupandisha sukari, na hufungulia mlango ukungu wa mapafuni. Kuna na minyoo ya strongiloidi, inayoingia kwa kukanyaga udongo wenye kinyesi bila viatu na kukaa mwilini miaka mingi kimya. Steroidi huiachia isambae mpaka mapafuni, na hapo huua. Kabla ya dozi kubwa daktari hukupima au hukupa ivermektini, dawa ya minyoo hiyo. Steroidi pia huficha majibu: aliyeinywa wiki mbili kabla ya kamera anaweza kuonekana mzima.

Na watoto?

Mtoto anayehema miezi baada ya surua au virusi vya adeno huchunguzwa zaidi kwa CT. Lakini kikohozi kilichoanza ghafla akiwa anatafuna korosho au karanga, hata kama wiki hiyo alikuwa na mafua, ni kitu kilichokwama mpaka ithibitike vingine. Mara nyingi huenda kulia, ambako njia ni pana na imenyooka zaidi. Eksirei huweza kuwa safi kabisa, kwa kuwa korosho haionekani kwenye picha. Usimpe maji mengi kuisukuma. Mpeleke.

Nafunga Ramadhani.

Kwa asubuhi ile njaa si tatizo, ila baada ya kipimo unahitaji maji na mapumziko. Kama si dharura, omba tarehe baada ya Idi. Kama ni dharura, fanyiwa na ulipe siku hiyo baadaye. Shehe wako atakueleza.

Kamera na CT zimetoka safi, na bado nahema. Sasa?

Dalili zako ni za kweli, na sababu zinazobaki zinatafutika. Moyo upimwe kwa ekokadiografia, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hasa miguu ikivimba au ukilala chali pumzi inakata. Kuganda kwa damu kwenye mishipa ya mapafu hakuonekani kwa kamera, wala kwa CT isiyo na dawa ya mshipani. Pumu wakati mwingine hutokea usiku tu. Nyuzi za sauti huweza kujifunga wakati usiofaa, na mazoezi ya sauti huzifungua.

Na wengi wamepoteza misuli na mpangilio wa kupumua: wanavuta pumzi fupi za juu ya kifua. Lala chali, mkono mmoja tumboni, vuta kwa pua tumbo lipande, toa kwa midomo iliyobanwa kama unayepuliza makaa, kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Dakika 5, mara tatu kwa siku. Tembea kila siku kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza sentensi nzima, ongeza dakika 2 kila wiki. Siku ya pili ukiamka hoi kuliko jana, punguza urudi wiki ya nyuma. Andika dakika na oksijeni kwenye daftari, ulilete kliniki baada ya wiki 6.